Funguo na Daftari

Katika siku zile za mwisho wa Mei mwaka 2025, wakati mji wa Homa Bay ulipokuwa ukifagiliwa na kupakwa rangi ili uipokee sherehe ya Madaraka katika uwanja uliopewa jina la Raila Odinga, wapo wananchi waliokabidhiwa funguo za nyumba mpya 110 zilizojengwa na serikali mjini humo chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Na mtu yeyote mwenye insafu, awe ni mfuasi wa serikali au mpinzani wake, hana budi kukiri ya kuwa kumpa mtu aliyepanga maisha yake yote mlango anaoweza kuuita wake ni jambo la heri. Nami nakiri hivyo bila ya kinyongo. Lakini ufunguo ni kitu kidogo, hutoshea kiganjani, na hupokewa kwa dakika moja mbele ya wapiga picha, ilhali nyumba yenyewe ni amana ya miaka mingi, na amana hiyo haikai katika ufunguo, hukaa katika daftari: nani ameingia, kwa masharti gani, amelipa nini na lini, bomba limepasuka siku gani na nani alikuja kuliziba. Nimeishi kanda hii umri wa kutosha kuona majengo ya umma yakizinduliwa kwa ngoma na kuharibika kimya kimya, na kila nilipochungulia sababu nilikuta ya kwamba mwashi alifanya kazi yake. Aliyekosekana ni mtunza daftari.

Habari ya nyumba za serikali si ngeni katika nchi yetu ya Kenya. Halmashauri Kuu ya Nyumba iliundwa zama za ukoloni, mwaka 1953, kisha katika mwaka 1964, wino wa uhuru ukiwa haujakauka, Umoja wa Mataifa ukawatuma wataalamu wawili, Lawrence Bloomberg na Charles Abrams, kuja kuchunguza hali ya makazi nchini. Na baada ya shauri lao, na baada ya waraka wa sera ya nyumba wa mwaka 1966/67, likazaliwa mwaka 1967 Shirika la Kitaifa la Nyumba tulilo nalo hadi leo. Utaratibu uliowekwa ulikuwa mwepesi kueleweka: fedha zitoke Hazina ziingie katika shirika, shirika liyakopeshe mabaraza ya miji na ya wilaya, mabaraza yajenge, yapangishe, yakusanye kodi, na kwa kodi ile yalipe deni, ili fedha zilezile zikajenge mahali pengine. Katika karatasi hapana tadbiri iliyo nzuri kuliko hii. Walakini mabaraza mengi yalikuwa na njaa, na mwenye njaa akishika fedha ya amana huona ni rahisi kuila leo na kuahidi kuirudisha kesho. Kodi ya nyumba ikalipia mishahara ya makarani na mafuta ya magari, paa likavuja kwa kukosa misumari, mpangaji naye akaona hana sababu ya kulipa kwa nyumba inayovuja, na deni la shirika likabaki limeandikwa vitabuni tu. Yalipovunjwa mabaraza hayo mwaka 2013 na kaunti 47 kushika nafasi yake, Migori na Homa Bay zikiwa miongoni mwao, nyumba zilirithiwa pamoja na madeni na migogoro yake. Na ile Mamlaka ya Mpito iliyopewa kazi ya kuhesabu mali na madeni ya mabaraza yaliyokufa muda wake ulikwisha mwaka 2016 kazi ikiwa haijakamilika. Mrithi aliyekabidhiwa nyumba bila ya orodha kamili ya vilivyomo ndani hawezi kulaumiwa kwa kila kilichopotea, lakini miaka imepita sasa, na orodha ilikuwa ni jambo la kwanza la kufanya.

Nitaeleza kisa kimoja nilichokiona kwa macho yangu, na ofisi inayohusika sitaitaja, kwa kuwa kusudi langu si kumwaibisha mtu. Ninaye jirani, mama mtu mzima, mjane wa mwalimu. Marehemu mumewe alichukua nyumba ya vyumba viwili kwa utaratibu wa kupanga hali ukinunua, akalipa kila mwezi kwa muda wa miaka 16 hata mauti yalipomfika, na stakabadhi zote mkewe amezihifadhi katika mkebe wa biskuti, zimefungwa kwa uzi mweupe mwaka kwa mwaka, baadhi zimefifia wino hata ni lazima uzielekeze dirishani ndipo uzisome. Siku moja aliniomba nimsindikize akaulizie hati ya kumiliki. Tulimkuta kijana mmoja, mpole, aliyetupa viti na kumwita "mama" kwa adabu, akafungua kabati la chuma, akatoa mafaili yaliyofungwa kwa kamba ya katani, akayapekua moja baada ya jingine, vumbi likamrukia shatini, kisha akafunga kabati akasema: "Mama, faili la nyumba hii naona lilichukuliwa makao makuu. Rudi Jumatatu." Mama akamtazama, akamwuliza kwa sauti ya upole uleule: "Mwanangu, Jumatatu ipi?" Na kijana hakujibu, si kwa ujeuri, bali kwa kuwa hakuwa na jibu.

Nimemfikiria sana kijana yule, na kila nikimfikiria simwoni kuwa na taksiri. Alikuta kabati lile pale alipoajiriwa. Mafaili yalihamishwa ofisi kwa ofisi, yakabebwa kwa lori, na kila mkubwa aliyekuja alipanga upya bila ya kuandika kilichokuwako kabla yake. Ugonjwa wa mashirika yetu ya nyumba ndio huo hasa. Hayakosi watu wema wala hayakosi sheria. Yamekosa kumbukumbu, na shirika lisilo na kumbukumbu haliwezi kudai wala kudaiwa, haliwezi kumfukuza mpangaji mkaidi wala kumpa haki yake aliyemaliza kulipa, kwa sababu mbele yake wote wawili wanafanana.

Juu ya ugonjwa huu pamezidi jambo jingine, nalo ni wingi wa wenye mamlaka. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya makao ya kutosha, na katika Jedwali la Nne imeigawa kazi hii sehemu mbili: sera ya nyumba ni ya serikali ya taifa, na nyumba kwa jumla, pamoja na upimaji wa ardhi na mipango ya miji, ni ya kaunti. Mgawanyo huo unafahamika. Lakini iko pia idara ya nyumba katika wizara, liko Shirika la Kitaifa la Nyumba, na tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilipotiwa sahihi tarehe 19 Machi 2024 iko Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu yenye mfuko wake, na kamati za kaunti zinazotakiwa kupendekeza miradi; kila moja ina muhuri wake na gari lake. Sasa chukulia kwamba bomba la maji machafu limepasuka katika jengo la ghorofa Homa Bay usiku wa Ijumaa. Ardhi ilitolewa na kaunti, mtaro mkuu uko chini ya kampuni ya maji, jengo lilijengwa kwa mkataba uliosainiwa Nairobi, na mkandarasi ameshaondoka na vijana wake kwenda kujenga mahali pengine. Ni nani atakayekuja Jumamosi asubuhi akiwa amebeba spana? Swali hili laonekana dogo kwa anayelitazama kutoka mbali, lakini kwa mama anayekaa ghorofa ya chini na watoto wadogo, maji yale yakimwingilia mlangoni, hapana swali la serikali lililo kubwa kuliko hilo.

Na tukumbuke fedha zenyewe zinatoka wapi. Kila mwenye mshahara nchini hukatwa asilimia 1.5 ya mapato yake, na mwajiri wake huongeza asilimia 1.5 nyingine. Ushuru huu ulianza mwaka 2023 kwa Sheria ya Fedha, Mahakama Kuu ikautangua tarehe 28 Novemba mwaka huohuo, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba uliwabagua wenye mishahara na kuwaacha wengine, ndipo Bunge likatunga sheria mpya ya mwaka 2024 inayomgusa kila mwenye mapato. Sitaki kuyafufua mabishano yale. Nasema tu kwamba mwalimu wa Rongo, askari wa Isebania na muuguzi wa hospitali ya Ndhiwa, ambao wengi wao hawatapata nyumba hizo wala hawazihitaji, wameshakuwa wafadhili wake kwa lazima, na mfadhili wa lazima ana haki zaidi ya mfadhili wa hiari kuonyeshwa hisabu.

Hapa ndipo napenda kulisogelea jambo ambalo naona limepuuzwa kuliko yote, nalo ni jinsi watu wa huku wanavyopata riziki yao. Kwa sensa ya mwaka 2019 kaunti ya Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950 na Migori watu 1,116,436. Na katika halaiki hii, wenye mshahara wa mwisho wa mwezi ni wachache mno. Sheria imewagawa wanunuzi kwa kipato cha mwezi: anayepata chini ya shilingi 20,000 ana fungu lake, anayepata kutoka 20,000 hadi 149,000 ana lake, na aliye juu ya hapo ana lake. Ni mgawanyo wa busara kwa mji wa Nairobi. Lakini nenda Mbita, au Sindo, au Muhuru Bay, ukamwulize mvuvi wa omena kipato chake cha mwezi, naye atakuuliza kwanza unakusudia mwezi gani, kwani yeye huhesabu kwa mwezi mwandamo. Omena huvuliwa usiku, gizani, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za betri na za jua, zinazoelea juu ya maji mlolongo mrefu hata mgeni aliyesimama ufuoni hudhani ameona mji upande wa pili. Samaki huifuata nuru ile. Mwezi unapokuwa mpevu ukaangaza ziwa zima, taa haina kazi, mashua hupandishwa mchangani, wavuvi hushona nyavu, na akina mama waliozoea kuanika omena juu ya nyavu kuukuu na kuipima kwa debe hukaa bila ya cha kuuza. Fauka ya hayo, kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Basi mtu huyu si maskini wa kudumu wala si tajiri. Ni mtu ambaye usiku wa giza katika mwezi wa Oktoba aweza kupata kiasi cha kumshangaza karani, na mwezi wa Mei hana hata nauli ya kwenda Homa Bay.

Shirika linapomtaka mtu kama huyu alete hati ya mshahara, limeshamfungia mlango kabla hajaufikia. Na likimkubali kwa masharti ya kulipa kila tarehe tano ya mwezi, kufikia Juni litakuwa limemwandika miongoni mwa wadaiwa sugu, ilhali mtu huyo hajakataa kulipa wala hajashindwa, ila kalenda yake na kalenda ya ofisi hazikutani. Hali ni hiyohiyo upande wa Migori. Mkulima wa miwa wa Awendo hungoja mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya muwa wake kukomaa, kisha hungoja tena kiwanda kimlipe, na wakulima wa kiwanda cha sukari cha SONY wanajua kungoja huko kulivyokuwa kurefu katika miaka mingi kabla ya kiwanda hicho kukodishwa kwa mwekezaji binafsi mwaka 2025. Mchimba dhahabu wa Macalder au wa Osiri hupata leo na kukosa wiki tatu. Mkulima wa tumbaku wa Kuria hulipwa baada ya mavuno tu. Ni uchumi wa misimu, na shirika la nyumba linalotaka kufanya kazi hapa kwa haki lazima liandike mkataba wa misimu: jumla ya mwaka ijulikane, mtu alipe zaidi wakati wa neema, asidaiwe wakati ziwa limefungwa, na vyama vya akiba na mikopo pamoja na kamati za usimamizi wa fuo, ambazo zinamjua kila mvuvi, mashua yake na tabia yake, zichukue dhamana kwa ajili ya wanachama wao. Mkataba wa namna hii hauipunguzii Hazina senti hata moja. Unachohitaji ni karani anayemjua mtu anayemwandika, na karani huyo hawezi kukaa Nairobi.

Lipo na jambo jingine, zito kuliko fedha. Kwa Waluo, na kwa Wasuba wa Rusinga na Mfangano waliochanganyika nao kwa karne nyingi, nyumba na maskani ni vitu viwili mbalimbali. Nyumba yaweza kuwa popote, hata katika chumba cha kupanga cha mabati. Maskani, yaani *dala*, ni pale ambapo mtu amekwenda na baba yake au mzee wa ukoo alfajiri, wakichukua jogoo na shoka, wakakita nguzo ya kwanza kwa heshima za jadi, na ambapo siku yake ikifika atalazwa. Tofauti hii iliwahi kusikizwa mbele ya mahakama na nchi nzima ikasikiliza: katika mwaka 1987, baada ya kufariki Desemba 1986 wakili S. M. Otieno aliyeishi miaka mingi Nairobi, mjane wake Wambui Otieno na ukoo wa Umira Kager walishindania mahali pa kumzika, na hatimaye alizikwa Nyalgunga, Siaya, kwa hoja kwamba mtu aweza kuwa na nyumba mjini na maskani yake yakabaki kwao. Mtu anaweza kuipenda hukumu ile au asiipende. Mimi nina huruma na mjane yule hata leo. Lakini msimamizi wa nyumba asiyejua jambo hili atajenga ghorofa Homa Bay na Migori, kisha atashangaa kwa nini mwenye uwezo wa kununua aliamua kupanga, na kwa nini mtumishi wa serikali akipata marupurupu yake huyapeleka kwanza kijijini kwao Gwassi au Nyatike, akaezeka bati na kumwaga sakafu ya saruji pale ambapo hapana benki itakayompa mkopo.

Sisemi kwamba ghorofa zisijengwe. Mji wa Homa Bay umebanwa kati ya mlima Asego na ziwa, ardhi yake ni ghali, na vijana wasio na shamba la kurithi wanaongezeka, wakiwemo wanawake ambao desturi ya *dala* haikuwawekea nafasi yao wenyewe. Kwao chumba cha ghorofani chenye jina lao mlangoni ni uhuru wa kweli, na kwa ajili yao peke yao mpango huu ungestahili kuungwa mkono. Lakini sheria ileile ya mwaka 2024 imetaja pia nyumba nafuu za mashambani, na hilo ndilo fungu ambalo kwa watu wa kanda hii lingekuwa na baraka kubwa zaidi: mkopo mdogo, wa kulipwa kwa msimu, wa kumwezesha mtu kujenga katika kiwanja cha baba yake kwa matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine, ambayo idara ya nyumba yenyewe imekuwa ikiyahimiza kwa muda mrefu. Watu wa Nyatike ya chini, wanaohamishwa na mto Kuja kila mafuriko yanapokuja, hawahitaji ghorofa. Wanahitaji msaada wa kuinua misingi na kuhamia penye mwinuko karibu na mashamba yao. Shirika linalohesabu mafanikio yake kwa idadi ya ghorofa haliwezi kuiona haja hii, maana nyumba moja moja zilizotawanyika vijijini hazina pa kukata utepe.

Wenzetu wa Tanzania wamelipitia jaribu hili kwa namna yao, na ni vema tutazame. Shirika lao la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 sheria ikatwaa majengo yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi ile ikaunganishwa na shirika. Wakajikuta wasimamizi wa maelfu ya milango katika Upanga, Kariakoo na miji mingine, milango waliyoikuta imeshasimama, na kwa miaka mingi kodi iliyoruhusiwa haikutosha hata kupaka chokaa, sembuse kubadilisha paa. Baadaye shirika hilo lilijitia katika miradi mikubwa kwa fedha za mikopo, na majengo kama 711 Kawe na Morocco Square ya Dar es Salaam yakasimama njiani kwa miaka kadhaa kabla ya kazi kuendelea tena. Ninayataja haya kwa heshima, si kwa kuwacheka, kwa kuwa shirika lile limesimama hadi leo na limejifunza mengi. Nililoliona mimi katika safari yao ni kwamba kodi iliyo chini ya gharama ya matengenezo si huruma kwa mpangaji. Ni deni analoandikiwa mtoto wake, atakayeirithi nyumba iliyooza.

Kwa sababu hiyo jambo la matengenezo litajwe mapema, kabla rangi haijafifia. Katika nyumba za ghorofa lazima pawe na pampu ya kupandisha maji, taa za ngazini, tangi, mtaro, mlango wa nje, na kila kimoja kina umri wake wa kufa. Mahali ambapo wakazi wana chama chao, wana akaunti yao, na wana fundi wanayemjua kwa jina na simu, jengo hukaa. Mahali ambapo kila kitasa kilichovunjika huombewa kibali kutoka makao makuu, watu hungoja, kisha huchoka kungoja, kisha kila mmoja hujitengenezea mlango wake na kuliacha lililo la wote lioze. Naamini kabisa kwamba kama sehemu ya malipo ya kila mwezi ya wakazi wa Homa Bay ingebaki Homa Bay, katika mfuko wa matengenezo unaosimamiwa na wakazi pamoja na afisa mmoja wa kaunti, na hisabu yake ikasomwa mbele yao kila robo ya mwaka, nusu ya matatizo haya yasingezaliwa.

Ninayoyataka, basi, nayaomba kwa wenye dhamana kwa majina ya nyadhifa zao. Naiomba Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu ifungue ofisi ya kudumu Migori na Homa Bay, yenye karani anayekaa hapo miaka, mwenye uwezo wa kukubali na kukataa. Naomba orodha ya waliopata nyumba, kwa nambari zao za maombi, ibandikwe katika ukuta wa ofisi ya kaunti, pembeni mwa orodha ya walioomba wakakosa, ili aliyekosa ajue amekosa kwa haki, kwa kuwa minong'ono ya upendeleo hukua palipo na siri. Nawaomba magavana wa kaunti hizi mbili wamalize kuhesabu nyumba zilizoachwa na mabaraza, nyumba kwa nyumba, jina kwa jina, deni kwa deni, na matokeo yatangazwe hadharani hata yakiwa ya kuaibisha. Nawaomba wabunge wetu, kabla ya kuhudhuria uzinduzi mwingine wowote, waulize swali moja: nyumba zilizokwisha kutolewa, ni ngapi zinakaliwa na waliopewa, na ni ngapi zimepangishwa tena kwa wengine kwa bei ya soko? Na kwa mafaili ya zamani, yaliyofungwa kwa kamba ya katani, naomba watumwe vijana wachache wenye kompyuta na subira, wakae nayo miezi sita wayaandike upya, wakianza na ya wazee na wajane, kwa sababu hao muda wao ni mfupi.

Jumatatu ijayo jirani yangu atakwenda tena ofisini, nami nitamsindikiza. Mkebe wa biskuti ameshauweka mezani. Stakabadhi zimo zote, 192, na hakuna hata mwezi mmoja uliokosekana. Nimezihesabu mwenyewe mara mbili.